Nusu ya Uwanja Isiyo na Mpira

Mchezaji wa ridhaa wa mpira wa kikapu ni mtu anayeulipia mchezo badala ya kulipwa nao. Raba ananunua mwenyewe, jezi anachangia, nauli ya kwenda mazoezini inatoka mfukoni mwake, na timu ikichelewesha ada ya ushiriki naye huitwa kwenye kikao cha dharura kama wenzake. Mara nyingi mtu huyohuyo ana timu nyingine, ya kulipwa, ambayo haijamwona wala haitamwona. Anaifuata kwenye simu, anayajua majeraha ya wachezaji wake kuliko anavyoyajua ya shemeji yake, na ikifungwa siku yake inaharibika. Watu wa nje huziona shughuli hizo mbili kuwa penzi moja. Kwa kweli ni mbili, na zinasaidiana mahali fulani, zinadanganyana mahali pengine. Mfano unaofaa kuzichunguza ni mchezaji wa Dar es Salaam aliye shabiki wa Golden State Warriors ya San Francisco, kwa kuwa humo umbali, saa, sheria na hata historia ya drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, vyote vinaingia.

Mchezo wenyewe ulizaliwa wa ridhaa. James Naismith, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, aliubuni Desemba 1891 ili wanafunzi wake wapate shughuli ya ndani wakati wa baridi. Alikuwa na wanafunzi 18, akawagawa tisa kwa tisa. Vikapu vya matunda viligongelewa kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka sakafuni, na kimo hicho cha mita 3.05 hakijabadilika hadi leo, iwe Chase Center ya San Francisco au Kidongo Chekundu ya Dar es Salaam. Kanuni zake 13 zilimtaja mchezaji na mwamuzi, mtazamaji hakuwamo. Malipo yalikuja baadaye. NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ilianza 1946 kwa jina la BAA, ikachukua jina lake la sasa 1949, na Warriors, wakati huo wakiwa wa Philadelphia, ndio walioshinda ubingwa wa kwanza mwaka 1947. Walihamia San Francisco 1962, wakawa Golden State 1971.

Kwa miongo mingi dunia hizo mbili, ya ridhaa na ya kulipwa, zilitenganishwa na ukuta. FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu lililoundwa Geneva mwaka 1932, haikuwafungulia mlango wachezaji wa NBA hadi ilipopiga kura mwaka 1989, na matokeo ya kura hiyo yakaonekana Barcelona 1992, Michael Jordan na Magic Johnson walipoivalia Marekani jezi ya Olimpiki. Baada ya hapo ukuta ulibaki wa kipato tu. Majina ya timu za huku yanaonyesha jinsi macho yalivyoelekezwa ng'ambo: Dar es Salaam ina Kurasini Heat, ina Vijana wanaojiita City Bulls, na Kenya ina Ulinzi Warriors ya jeshi.

Namna mtu anavyopata timu ya kuishabikia ni suala la mwaka na bahati. Aliyeanza kucheza miaka ya 1990 pengine ni wa Chicago Bulls. Aliyeanza 2015 ana kila sababu ya kuwa wa Warriors, kwa sababu mwaka huo walitwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1975 na vipande vya video vya Stephen Curry vilikuwa vikizunguka kila simu. Mitumba nayo ina mchango wake: kijana hupata jezi kabla ya kuijua timu, kisha huitafuta timu ili jezi isikose maana. Watanzania walikuwa na sababu nyingine, ya kidugu. Tarehe 25 Juni 2009, katika drafti ya NBA, Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye kimo cha mita 2.21, akiwa wa pili. Usiku huohuo Warriors walimchagua Curry, akiwa wa saba.

Thabeet aliushika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza akiwa tayari na miaka kama 15. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini, na mpaka wakati ule hakukuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho akapelekwa huko. Baadaye alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na mashabiki wake wa nyumbani wakahama naye timu kwa timu. Msimu wake wa mwisho katika NBA ulikuwa 2013–14. Ni rahisi leo kuigeuza drafti ile kuwa mzaha juu ya urefu na ustadi. Mchezaji wa ridhaa ana haki ya kuisoma kwa huruma zaidi. Wengi katika ligi za mikoa walianza katika umri uleule, sekondari, miguu ikiwa imeshazoea soka, na wanajua kwamba kugeuka chini ya ringi ukiwa na mtu mgongoni ni jambo ambalo mwili hulijifunza mapema au hulijifunza kwa taabu maisha yote. Mwenye mita 2.21 hasamehewi na somo hilo. Warriors, kwa upande wao, walikuja kuwa na mchezaji kutoka mji unaozungumza Kiswahili: Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, aliyechaguliwa wa saba mwaka 2021 na kuwa bingwa mwaka uliofuata.

Kuifuata timu iliyo upande wa pili wa dunia ni kwanza suala la usingizi. Mechi ya nyumbani ya Warriors inayoanza saa moja usiku San Francisco huanza saa kumi na mbili asubuhi Dar es Salaam, kuanzia Novemba hadi mapema Machi. Wamarekani wakishasogeza saa zao, inakuwa saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo shabiki wa Warriors ana nafuu kuliko wa Boston au New York. Yeye huiona robo ya kwanza akipiga pasi shati, na ya tatu akiwa amesimama kwenye daladala. Mechi za pwani ya mashariki ya Marekani huanza kama saa tisa na nusu usiku, na adhana ya alfajiri hukuta wachezaji wamesharudi kutoka mapumziko. Fainali, zinazochezwa Juni, nazo huangukia saa zilezile za usiku wa manane. Aliyekesha kwa ajili ya fainali ya Jumapili hucheza vibaya Jumatatu jioni, na kocha wake, aliyekesha vilevile, hana ulimi wa kumkemea.

Msimu wa kawaida una mechi 82 kwa kila timu. Hakuna mfanyakazi wa Afrika Mashariki anayezitazama zote, na wengi huishia kwenye muhtasari wa dakika kumi. Muhtasari huo una kasoro moja kubwa: hukata kila kitu isipokuwa mpira ukiingia. Anayeujua mchezo kwa muhtasari pekee huamini kwamba kikapu ni mtu mmoja anayepiga chenga kisha anarusha. Huja uwanjani na imani hiyo, na ndipo matatizo ya timu yake yanapoanza.

Tatizo jingine ni kwamba mchezaji huyu anaishi chini ya vitabu viwili vya sheria. Anayoyatazama ni ya NBA, anayoyacheza ni ya FIBA. NBA hucheza robo nne za dakika 12, FIBA robo nne za dakika 10. Kule mchezaji hutolewa kwa faulo ya sita, huku kwa ya tano, na wapo wanaoligundua hilo wakiwa wameshaitwa benchi. Mstari wa pointi tatu wa NBA uko mita 7.24 kutoka kwenye kikapu, na 6.70 pembeni, wa FIBA uko mita 6.75. Kule mchezaji aliye uwanjani anaweza kuomba mapumziko mafupi. Huku ombi hilo ni la kocha au msaidizi wake, kupitia meza. Hivyo mchezaji anayeanguka na mpira, akiunganisha viganja vyake kwa umbo la herufi T kama alivyoona kwenye televisheni, hapati kitu isipokuwa mpira wa kugombaniwa. Mpira ukishagusa ringi ya FIBA, mlinzi anaweza kuupangusa hata ukiwa juu ya ringi. NBA humhesabia mshambuliaji kikapu. Ugomvi wa hatua ulipungua kidogo mwaka 2017, FIBA ilipoikubali ile hatua ya kukusanya mpira isiyohesabiwa, lakini haujaisha, wala dalili za kuisha hazionekani.

Tofauti iliyo nzito kuliko zote haionekani kirahisi. Tangu msimu wa 2001–02 NBA humkataza mlinzi asiyemkaba mtu kukaa kwenye eneo la rangi, lile lililo chini ya ringi, zaidi ya sekunde tatu. FIBA haina katazo hilo. Njia pana ambayo mchezaji wa Warriors huipita hadi kwenye ringi ni njia iliyofagiliwa na sheria. Kwenye ligi ya mkoa, mwishoni mwa njia hiyo amesimama baba mmoja mwenye mwili, hana haraka, na anaruhusiwa kusimama hapo hadi mechi iishe. Kijana aliyejifunza kuingia kwa kutazama NBA hugongana naye mara tatu, halafu humlaumu mwamuzi.

Kwa sababu hiyo Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, iliyoanza Kigali Mei 2021, ina faida kwa mchezaji wa ridhaa ambayo haitajwi sana. Huchezwa kwa sheria za FIBA, kwa saa ambazo binadamu wa Afrika Mashariki yuko macho, na wachezaji wake wengine waliwahi kukutana naye kwenye viwanja vya saruji. Nairobi City Thunder walipoingia 2025, wakiwa timu ya kwanza ya Kenya kufika hatua hiyo, baadhi ya watazamaji walikuwa wakiwatazama watu waliowahi kuwakaba. Hata hivyo mapenzi hayafuati faida. Shabiki wa Warriors hubaki wa Warriors.

Warriors ndio hasa wanaolaumiwa kwa ugonjwa wa pointi tatu. NBA iliuchora mstari huo msimu wa 1979–80, na mwaka ule timu zilijaribu wastani wa mitupo 2.8 ya mbali kwa mechi. Kufikia 2023–24 wastani ulikuwa umepita 35. Curry hakuuanzisha mwelekeo huo, lakini yeye ndiye sura yake. Msimu wa 2015–16 alifunga mitupo 402 ya pointi tatu, wakati rekodi iliyokuwapo, nayo yake mwenyewe, ilikuwa 286. Desemba 14, 2021, akiwa Madison Square Garden, aliipita rekodi ya maisha ya Ray Allen ya 2,973, na Machi 2025 akafikisha 4,000. Kwa kimo chake cha mita 1.88 yeye ni mfupi kwenye ligi ile, na hapo ndipo mvuto wake kwa mchezaji wa ridhaa ulipo. Thabeet haigiki. Curry anaonekana kuigika.

Hesabu inasema vingine. Mchezaji wa NBA wa kawaida huingiza mtupo wa mbali kwa takriban asilimia 36, yaani kila mtupo una thamani ya pointi 1.08. Mchezaji wa ridhaa anayeingiza mmoja katika kila minne anapata 0.75. Mchezaji huyohuyo akisogea chini ya ringi na kuingiza nusu ya mitupo yake anapata pointi 1 kamili. Kwa hiyo mtupo uliowapa Warriors ubingwa unaweza kuwa mtupo mbaya kuliko yote kwenye ligi ya mkoa, ingawa sheria ya hesabu ni ileile. Hapo bado hayajahesabiwa mazingira. Viwanja vingi ni vya wazi: upepo wa kusi unausukuma mpira wa mbali kwa kiasi ambacho mtupaji hawezi kukirekebisha, jua la saa kumi linamkabili anayetupia upande wa magharibi, na mpira wa raba uliokwisha kukwaruzwa na saruji hauna mshiko wa ule wa ngozi. Ubao nao huwa na tabia zake. Wenyeji wa kila kiwanja wanazijua, na ujuzi huo una thamani ya pointi kadhaa kwa mechi, ingawa hauandikwi popote.

Hata hivyo, kumlaumu Curry ni kutomtazama. Kinachomtenga na wengine hakimo katika mtupo wenyewe bali katika sekunde zinazoutangulia, na mara nyingi katika sekunde hizo hana mpira. Huutoa, kisha hukimbia. Hupita nyuma ya mwenzake, huzunguka, husimama kidogo kana kwamba amechoka, huondoka tena. Mlinzi wake hulazimika kumfuata katika kila kizuizi, na mlinzi wa pili hulazimika kumwacha mtu wake ili asaidie. Kikapu kinachofungwa huenda kikafungwa na mtu mwingine kabisa, upande wa pili, akiwa peke yake. Muhtasari wa dakika kumi utakionyesha kikapu hicho, na mtazamaji atajiuliza walinzi walikuwa wapi.

Kujifunza kulitazama jambo hilo ndiyo zawadi kubwa ambayo kucheza humpa shabiki. Asiyecheza huufuata mpira kwa macho. Ni kawaida, kamera nayo hufanya hivyo. Anayecheza, baada ya msimu mmoja au miwili ya kupigwa mabega, huanza kutazama mahali pengine. Anajua kuweka kizuizi kunauma. Anajua kwamba kumzuia mtu mgongoni ili mwenzako achukue ribaundi ni kazi isiyoingia kwenye karatasi ya takwimu. Anajua pia ni upweke wa namna gani kukimbia pembeni mara kumi bila kupewa mpira hata mara moja, na kwamba mbio hizo zisipokimbiwa, katikati hujaa watu na hakuna anayepita. Akishayajua hayo mwilini, hutazama Warriors kwa macho mengine. Alimtazama Kevon Looney, alipokuwa bado Warriors, akimsukuma mtu nje ya eneo la rangi wakati mpira bado uko hewani. Alimtazama pia Andre Iguodala, aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali za 2015 wakati msimu wote wa kawaida hakuanza mechi hata moja, hasa kwa sababu alimchosha LeBron James.

Draymond Green ndiye mtihani wa macho hayo. Alichaguliwa wa 35 mwaka 2012, hatupii vizuri kutoka mbali, na mtazamaji mgeni hushangaa anafanya nini uwanjani. Februari 10, 2017, dhidi ya Memphis, alifunga pointi 4 tu, lakini ribaundi zake, pasi zake za mwisho na mipira aliyoiba vyote vilifika tarakimu mbili. Mafanikio ya tarakimu mbili mara tatu bila pointi kuwa mojawapo yalikuwa hayajawahi kutokea katika NBA. Kila timu ya ridhaa iliyodumu ina mtu wa aina hiyo: hafungi, hanyamazi, anapanga walinzi kwa kelele, na asipofika mazoezini ndipo wenzake hugundua alikuwa anafanya nini.

Mfumo ambao kocha Steve Kerr aliuleta Warriors mwaka 2014 unaigika kwa sehemu, na sehemu hiyo ndiyo timu za ridhaa zingefaidika kuiiga. Mpira hupelekwa kwa mchezaji mkubwa kwenye kona ya eneo la rangi. Wawili waliobaki upande huo husogeleana, mmoja humwekea mwenzake kizuizi, kisha mmoja hukatiza kuelekea kwenye ringi na mwingine hutoka nje. Mwenye mpira hana la kufanya isipokuwa kutazama na kutoa. Hakuna anayehitaji kuruka juu wala kutupia kutoka mita tisa. Kinachohitajika ni watu wawili kuelewana na wa tatu kutokuwa mchoyo. Msimu wa 2016–17 Warriors walitoa wastani wa pasi za mwisho 30.4 kwa mechi. Klay Thompson aliwahi kufunga pointi 60 dhidi ya Indiana, Desemba 2016, ndani ya dakika 29, akiudunda mpira mara 11 tu. Takwimu hiyo ya mwisho ingestahili kubandikwa ukutani mwa kila uwanja wa mtaani, pale ambapo mtu huudunda mara 11 kabla hajavuka nusu ya uwanja na bado akaja kupoteza mpira.

Ugumu ni kwamba mfumo kama huo unadai mazoezi ya pamoja, na mazoezi ya pamoja ndiyo bidhaa adimu ya ridhaa. Timu nyingi zinazoongoza ligi za Afrika Mashariki ziko chini ya taasisi: JKT, Ulinzi, Mamlaka ya Bandari ya Kenya, Benki ya Equity, vyuo vikuu. Nyingine, kama Savio ya Dar es Salaam, zilikulia kwenye viwanja vya Wasalesiani wa Don Bosco. Wachezaji wa jeshi hufanya mazoezi pamoja kama sehemu ya maisha yao. Timu ya marafiki haiko hivyo. Mmoja ana zamu ya usiku, mwingine yuko safarini Mwanza, wa tatu foleni ya Mbagala imemkamata, na mazoezi ya watu kumi huwa ya watu sita. Wakiwa sita huchezwa tatu kwa tatu, na katika tatu kwa tatu kila mtu hurudia alichokiona kwenye simu.

Kushindwa nako kunasomeka tofauti. Katika mechi ya saba ya fainali za 2016, Juni 19, Warriors waliokuwa wameshinda mechi 73 za msimu wa kawaida na kuongoza fainali 3–1 walifungwa na Cleveland 93–89. Matokeo yalikuwa 89–89 dakika 4 na sekunde 39 kabla ya mwisho, na tangu hapo Warriors hawakufunga tena. Mashabiki wasiocheza walizungumzia moyo, laana na kiburi, na wengi walilizungumzia zuio la LeBron James dhidi ya Iguodala. Anayecheza aliiona miguu. Mtupo unaopungua hadi kuigusa tu sehemu ya mbele ya ringi ni mtupo wa paja lililokwisha; ustadi hauwezi kuondoka kwa wote siku moja, lakini pumzi inaweza. Timu yake mwenyewe hupitia ukame wa namna hiyo karibu kila wiki, kwa kawaida katika robo ya tatu, na hakuna mtu anayeuita laana. Huambiwa wapunguze chapati. Labda ndiyo maana mchezaji wa ridhaa huwa shabiki mwenye subira kidogo kuliko wengine. Msimu wa 2019–20, Warriors walipomaliza na ushindi 15 na vipigo 50, wapo waliowafuata hadi mwisho bila kuona ajabu kubwa. Kwenye ligi yao wenyewe walikuwa katika nafasi kama ileile.

Majeraha ndipo tofauti ya malipo inapokuwa ya kikatili. Kifundo cha mguu huteguka kwa namna moja San Francisco na Upanga: mtu anaruka, anatua juu ya kiatu cha mwenzake. Curry mwenyewe msimu wa 2011–12 alicheza mechi 26 tu kwa sababu ya kifundo cha kulia, akafanyiwa upasuaji mara mbili katika kipindi cha mwaka mmoja, na wapo waliodhani maisha yake ya mchezo yamekwisha. Thompson alichanika kano ya goti katika fainali za Juni 2019, kisha kano ya kisigino Novemba 2020, na hakurudi hadi Januari 9, 2022, baada ya siku 941. Nyuma yao kulikuwa na madaktari, wataalamu wa viungo, wapishi, na mshahara uliokuwa ukiingia. Mchezaji wa ridhaa ana barafu kutoka duka la jirani, bandeji, na mwenzake anayedai kujua kuchua. Jumatatu yuko kazini, akieleza kwa nini anachechemea, na mwajiri hana sababu ya kuipenda hadithi hiyo. Akichanika kano ya goti, mara nyingi hachezi tena. Kumwambia avumilie kama Klay ni maneno ya mtu asiyelipia matibabu. Kinachoigika kweli kutoka kwa wale wa kulipwa ni kile kisicho na gharama, nacho ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote: dakika 15 za kupasha mwili kabla ya mechi. Curry huja uwanjani mapema, na mazoezi yake ya awali yana watazamaji wake. Kwenye ligi ya ridhaa wachezaji wawili hufika jezi ikiwa bado mkobani, robo ya kwanza ikiwa imeshaanza.

Umri huifunga hadithi ya wote wawili, wa kulipwa na wa ridhaa, ila si kwa wakati mmoja. Curry alizaliwa Machi 1988, na bado alikuwa akicheza kiwango cha juu katika miaka yake ya mwisho ya thelathini. Mchezaji wa ridhaa wa rika lake, asiye na mtu wa kumpangia chakula wala usingizi, kwa kawaida alishaanza kuchagua mechi za kucheza. Kustaafu kwake hakutangazwi. Hukosa mazoezi ya Jumanne kwa ajili ya mtoto, kisha ya Alhamisi kwa ajili ya goti, kisha jezi yake anapewa mwingine kwa sababu namba inahitajika na ligi imeanza. Uhusiano wake na timu ya mbali hubadilika hapo. Kwa miaka kadhaa alikuwa akitazama ili ajifunze, au alijiambia hivyo. Sasa hutazama bila kisingizio, na wengine hukiri kwamba usingizi umeshinda.

Wasioweza kuuacha mchezo wana njia tatu. Wengine huingia mechi za maveterani, ambako mbio ni chache na maneno ni mengi. Wengine hufundisha watoto, na kila kocha wa watoto wa siku hizi huanza kwa kazi ileile: kuwasogeza wanafunzi kutoka mstari wa pointi tatu, mita kwa mita, hadi karibu na ringi, huku wao wakimweleza kuhusu Curry. Kundi la tatu huhamia kwenye meza ya waamuzi, kuandika karatasi ya mechi, kuendesha saa ya mchezo na ile ya sekunde 24 pale ilipo. Kazi hiyo humlazimu mtu kutazama kila kitu na kutoshangilia chochote, posho yake ni ndogo, na karibu kila ligi ya ridhaa ina upungufu wa watu wa kuifanya.